Kiti cha Baba Kinakusubiri, Ndugu Meneja

Ange anaposwa! Kijana anaitwa Kipriani, wa Kabanga kule Kasulu, naye ni mtu wa kompyuta kama mwanangu, na wakwe wanakuja Jumamosi hii na mshenga wao na mtungi wao wa pombe ya posa!

Kwako Ndugu Makarius, Meneja wa Ushirika wa Asali, Kibondo. Samahani, habari imenitoka kabla ya salamu. Hujambo? Mama watoto hajambo? Nyuki wa wanachama wanaendeleaje? Sisi huku Murungu ni wazima, maharage yametoa maua. Mimi ni Esteri, mama yake Ange, yule binti mliyemwajiri kutengeneza kompyuta, ambaye hapo ofisini mnamwita IT, mpaka nasikia wengine hawajui kama alibatizwa.

Naandika kwa heshima zote. Niliishia darasa la saba, lakini nililimaliza, na mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya shule nzima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jenereta. Juma lake la kwanza umeme ulikatika, mtu mmoja akasema kompyuta bila umeme ni sahani bila ugali, basi jenereta nalo ni la IT. Tangu siku hiyo mwanangu ndiye anayelitia petroli na kulibembeleza likigoma. Alikuwa anarudi nyumbani ananuka petroli hadi nikadhani kapata mchumba gereji. Sisemi kwamba hawezi. Anaweza! Hapo ofisini hakuna mwanaume anayeliwasha kwa kuvuta kamba mara moja isipokuwa yeye.

2. Birika. Mhasibu wenu, Ndugu Saady, aligundua kwamba birika la chai lina waya. Chenye waya ni IT. Kwa hiyo chai ni IT, vikombe ni IT, anayetaka tangawizi ni IT na asiyeitaka ni IT. Nilimuuliza Ange mbona hukatai, akacheka: "Mama, nikikataa birika watanipa choo. Taa yake nayo ina waya."

3. Mbuzi. Sherehe ya wanachama ilitangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Kundi analisimamia Ange. Basi mbuzi aliyetangazwa humo akawa wa Ange: kumtafuta Kitahana, kumkagua meno, kumleta kwa bodaboda amempakata kama mtoto mchanga. Yule mbuzi alisifiwa sana. Sifa akapewa dereva.

4. Misiba. Ushirika unaazimisha vipaza sauti kwa kila mwanachama aliyefiwa, na vipaza sauti havitembei peke yake. Mwanangu amehudhuria mazishi mengi kuliko katekista wetu.

5. Nyumbani kwako mwenyewe, Ndugu Meneja. Dishi la televisheni. Simu ya mkeo. Simu ya mama mkwe wako, ambaye Ange alimfundisha kutuma ujumbe wa sauti, na sasa kila asubuhi anamtumia salamu akimwita "mjukuu wangu". Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka.

Mshahara wake sitautaja. Ni mdogo, na vitu vidogo huona haya vikitajwa mbele za watu.

Nilimwambia Ange anisomee mkataba wake. Mstari wa mwisho unasema: "na kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi." Nikasema, Esteri, mstari huu unaujua! Ndio mkataba niliolelewa nao na mama yangu, na ndio niliomlea nao Ange: teka maji, beba mdogo wako, fukuza kuku, rudi haraka, usiulize utapata nini. Duniani hapa anayemtuma mtu bila kikomo na bila malipo ni mzazi wake. Kwa hiyo ninyi si waajiri. Ninyi ni ukoo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha raha. Ange anasema Jumamosi hatakuwepo kwenye posa yake mwenyewe, kwa sababu mna mkutano na wageni, naye atasimamia projekta, ataandikisha watu na kugawa maji. Alikuomba ruhusa, ukamjibu, "Ange, bila wewe mkutano hauendi." Ndugu Meneja, na posa je, inaenda? Mshenga atoke Kabanga, asimame aseme tumeona ua katika boma hili, sisi tumwoneshe nini? Picha yake ukutani? Kwetu binti akiitwa asitokee, wageni wanabeba mtungi wao, na njia hiyo hawaipiti tena. Siku hii nimeingoja tangu Ange ananyonya.

Kwa kuwa mmekwisha kuwa ukoo, naomba mje wote, na kazi nimeshazigawa:

(a) Wewe utakaa kiti cha baba. Baba yake mzazi, Pasikali, yupo, ni mzima, anakusalimu sana, na amekubali kuhamia kwenye benchi. Anasema aliyemtuma zaidi ndiye akae. Ila anayekalia kiti hicho ndiye anayeulizwa na wakwe kila kitu, binti ana hasira, binti anakoroma. Jiandae.

(b) Ndugu Saady atakuwa shangazi, wa kumtoa binti chumbani, kwani shangazi yake halisi yuko Bujumbura. Najua Ndugu Saady ni mwanaume tena ana ndevu. Ange naye hakusomea birika.

(c) Mlinzi wenu, mzee Nestori, atakuwa msemaji wa familia. Nasikia hajibu hata akiulizwa saa. Atajifunza kazini.

(d) Dereva apike. Gari lina injini, injini ina moto, na penye moto ndipo jikoni.

Mkutano wenu nao ufanyieni hapa hapa uani, wakwe wahesabiwe kuwa wageni waalikwa. Hata ajenda mnaweza kuwaachia. Mshenga wao anaongea vizuri kuliko mwenyekiti wenu, na hajalipwa posho.

Yote haya yakishindikana, naomba dogo tu: Jumamosi mwacheni mwanangu aje. Projekta haina miguu. Mchumba anayo.

Nisalimie wafanyakazi wote, wanachama wote, mkeo, na zaidi mama mkwe wako. Mwambie mkeka wa bibi nimeshauanika.

Mimi mzazi mwenzako,
Esteri wa Pasikali,
Murungu.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, mara baba mdogo wa Kipriani kaingia na pikipiki. Bosi wa Kipriani amemtuma Kigoma Jumamosi akachukue viti vya ofisi, kwa hiyo wakwe wamesogeza posa mbele siku moja. Nimefurahi mpaka nimepiga vigelegele! Kijana anayetumwa mbali hivyo ni kijana anayeaminiwa. Mkwe asiyetumwa na mtu ningemfanyia nini? Basi Jumamosi mtumieni Ange mtakavyo. Ila akirudi aje na jenereta na vipaza sauti, maana binti hufichwa chumba cha ndani mpaka aitwe, na mikono yake itakuwa imekaa bure: ataongoza muziki akiwa dirishani, atamrushia shangazi wa Bujumbura sherehe yote kwa simu, na hizi simu mbovu za majirani nimeshazikusanya kwenye ungo, ziko juu ya kitanda chake. Urwarwa, pombe yetu ya ndizi, imeiva. Tunawangoja nyote Jumapili, misa ya kwanza ikitoka.