Mwanangu Asipewe Chochote Chenye Mama

Ponsiano Matimbwa,
Fundi Baiskeli,
Kibaoni, Ifakara.
8 Agosti 1996

Kwa Mwalimu Mkuu,
Chekechea ya watoto wetu,
Hapa hapa Kibaoni.

YAH: CHAKULA CHA LETICIA

Mwalimu Aikande, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na chaki za kutosha. Mimi pia ni mzima, ila nina njaa. Ndimi baba yake Leticia, yule mtoto wa miaka mitano mwenye pengo mbele. Ndiyo, yule baba. Najua ukiuona mwandiko huu utashusha pumzi kwanza. Shusha tu, nitasubiri.

Kwa faida ya kamati ya wazazi, ambayo nasikia inanicheka mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, naomba nieleze jambo hili lilivyoanza. Pasaka iliyopita alitutembelea shemeji yangu Damiani kutoka Mang'ula. Mgeni haondoki bila kuku, hilo unalijua. Kuku tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, na Leticia alikuwa amempa jina la Dada. Basi tukamla Dada. Mimi kama baba mwenye nyumba nilipewa firigisi, na nilikuwa bado naitafuna mtoto aliponiuliza Dada yuko wapi. Mwanamume mwenye akili angesema ametoroka. Mimi nilimeza, nikasema ukweli. Akaniuliza kama Dada alikuwa na mama. Nikasema alikuwa naye. Mtoto akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Mwalimu, mimi naweza kunyoosha rimu iliyokanyagwa na lori la miwa, lakini kilio cha yule mtoto kinanishinda kabisa. Nikaapa pale pale, mbele ya mgeni, kwamba tangu siku ile mimi na yeye hatutakula tena kitu chenye mama.

Nilidhani nimeapa kuhusu kuku. Kesho yake akaniuliza kuhusu samaki. Kesho kutwa ikawa mbuzi na ng'ombe, halafu yai, ambalo mama yake hata hajaenda mbali, halafu maziwa, ambayo ni ya mama mwenyewe na yana mtoto anayeyangoja. Tulipofika kwenye asali nilikuwa nimechoka kubisha. Kuhusu mchicha nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba umejiotea wenyewe, yakaishia hapo. Sasa ni miezi minne. Kukaa Ifakara bila kuonja samaki ni kazi ya kutwa nzima, Mwalimu, na haina likizo. Wavuvi wanapita na baiskeli zao zenye matenga ya kambale, pancha wanaziba kwangu, na mimi naziba nikiwa nimegeuza uso pembeni.

Lakini mtoto ananiamini, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Siku neno langu likivunjwa, iwe na mimi au na nyinyi huko shuleni, hatanisadiki tena hata nikimwambia kumekucha. Sina cha kumrithisha zaidi ya spana, na neno langu ndilo pekee analoliona la maana. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mchuzi. Mama Sada, mpishi wenu, ni mama mwema na sina ugomvi naye. Lakini Jumanne iliyopita nilichungulia dirisha la jiko (nawaomba radhi wale watoto waliopiga kelele za mwizi, ile niliyoshika ilikuwa pampu tu), nikamwona kwa macho yangu akitoa kipande cha kambale kwenye bakuli la mwanangu na kumwachia mchuzi. Nilipomwuliza, alishangaa. Alisema si amemtoa? Mwalimu, yule kambale hakuingia sufuriani kuoga.

2. Mwiko. Nilimbandika mtoto kikaratasi mgongoni kwa pini, kimeandikwa HALI CHENYE MAMA, AMRI YA BABA. Mama Sada akadhani ni mwiko wa ukoo, kama zile koo ambazo mtu akila mnyama aliyekatazwa anatoka vipele mwili mzima. Akaniuliza kwa heshima kama mwiko huo ni wa upande wa baba au wa mama. Hapo nilipata nafasi nzuri sana ya kusema ukweli. Nikasema wa upande wa baba. Habari imekwishafika Katindiuka kwa wazee wetu, na Jumapili nimeitwa kikao nieleze huo mwiko nimeutoa wapi, kwa sababu ukoo wetu unakatazwa mnyama mmoja tu, naye ni kenge, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtamani. Shangazi yangu, aliyekula samaki kwa miaka sitini na mitano, ameanza kujikuna. Kwa kuwa yote haya yametokea kwenye jiko la shule, naomba shule iniandikie barua ya kuniombea msamaha kwa wazee.

3. Wiki yangu ya mboga. Kila mzazi ana wiki yake ya kuleta mboga, na mimi nilipofikiwa nilileta majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, siku zote tano. Jumatatu mlikuwa na watoto arobaini na wawili. Ijumaa walibaki kumi na tisa, na mmoja wao nasikia alikuwa amelala tu, hakujua ni wiki ya nani. Kamati imeniandikia kwamba zamu ijayo nilete chumvi, mboga wataleta wengine. Chumvi! Mimi, baba mzima, mwenye mtoto na kibanda! Ingawa nakiri kwamba Alhamisi zile karanga ziliungua.

5. Hili lilikuwa la mwisho lakini limeruka foleni kwa hasira. Ubaoni mmeandika kwamba ng'ombe hutupa nyama, maziwa na ngozi. Ng'ombe hajatupa kitu, Mwalimu, ananyang'anywa. Naomba pafutwe, paandikwe kwamba ng'ombe ana shughuli zake.

4. Ngoma. Leticia ameniuliza ngoma ya shule imewambwa kwa kitu gani. Nimemwambia nitauliza, ingawa ile ngozi ya mbuzi hata kipofu anaijua kwa kuigusa. Naomba siku ya kufunga shule watoto wacheze kwa kupigiwa debe. Na usidhani nawaonea nyinyi peke yenu, maana kwangu nimeanza mwenyewe. Tandiko la baiskeli yangu lilikuwa la ngozi, nimelivua nikafunga gunia juu ya chuma kitupu. Tangu hapo nasimama kanisani misa nzima, na padri amenisifu kwa uchaji mbele ya waumini wote. Mkanda nao nimeuweka kando, suruali naifunga kwa mpira wa tairi. Juzi ulikatika sokoni, lakini hilo si la kuandikia barua.

Wapo wanaosema mtoto atadhoofika. Waambie waende kliniki! Tangu Pasaka Leticia ameongezeka kilo mbili, mashavu yamejaa, mbio anawashinda wote mtaani. Nesi aliniuliza nampa nini. Nikajibu mchicha, kifua mbele. Akaniangalia mimi, mifupa ya shingo yote imejitokeza, akauliza kama huo mchicha unatutosha wote wawili. Tena mtoto anaipenda shule kupita kiasi. Hata Jumamosi anabeba bakuli lake na kusimama mlangoni, ananiuliza mbona leo hatuendi. Kwa hilo nakupa pongezi, Mwalimu, unafundisha vizuri sana.

Basi naomba Leticia apikiwe kwenye sufuria yake, kwa upawa wake, kwenye jiko lake, na akae upande ambao moshi wa samaki haufiki. Haya yasipotimizwa hadi Jumatatu, nitamwachisha shule nimfundishe mwenyewe hapa kibandani. Kuhesabu atahesabu spoku za magurudumu. Kusoma sijui itakuwaje, maana kitabu pekee nilicho nacho ni cha bei za vipuri, lakini mzazi mwenye msimamo hashindwi.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa zamu, kamati ya wazazi bila kumsahau aliyetoa wazo la chumvi, na Mama Sada, mwambie moyoni sina kinyongo. Wasalimie na kuku wa shule, kama bado wapo.

Ni mimi mzazi wako mwenye msimamo usiotikisika,

Ponsiano Matimbwa

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mke wangu Natalia barua hii, nikitaka asikie Kiswahili changu. Kwenye namba moja aliweka ungo chini. Nilipofika kwenye maneno ya kliniki alikuwa amekaa sakafuni anafuta machozi kwa khanga. Amenieleza kwamba Leticia anakula samaki shuleni tangu mwezi wa tano, kipande chake na cha kuongezewa, na kwamba Mama Sada humtoa samaki bakulini pale tu anapoiona baiskeli yangu kwenye uzio. Mtoto alimweleza mama yake yote na kumwapisha asiniambie. Nikauliza, sasa mbona nyumbani anakula mchicha na mimi kila siku, wala hanuni? Natalia anasema na yeye alimwuliza hivyo hivyo. Mtoto alijibu kwamba baba ameacha vitu vyote vitamu, na akila majani peke yake atahuzunika.

Mwalimu, niliikunja barua, nikaikunjua tena. Nimeona haya na nimefurahi, na sijui kipi kilitangulia. Nilidhani mimi ndiye ninayemlinda.

Basi yote niliyoandika hapo juu yafute, bakiza salamu. Apewe samaki, apewe maziwa, apewe na kichwa cha kambale akikitaka. Ila nakuomba sana asijue kwamba nimejua. Nyumbani tutaendelea na mchicha wetu, mimi na yeye, sahani moja. Na kama si kukuchosha, Mama Sada aniwekee na mimi kipande. Nitapita mlango wa nyuma saa tano na nusu, kabla hamjagonga kengele ya chakula, nisije nikakutana na mwanangu kwenye foleni.