Chumba Kisicho na Mlango

Jumatatu, 3 Julai 1995

Padre Leo ameniambia nijiandae kuungama. Pumzi ya kuungama kwa mdomo sina, kwa hiyo naandika. Moyo umechoka. Daktari alilisema hilo mbele ya mke wangu Walburga na binti yetu Getruda, kana kwamba mimi ni meza.

Getruda ametoa amri. Chumba changu kina giza, hakipitishi hewa. Jumamosi anakuja na gari kunihamishia kwake Namtumbo. Nimekataa. Wazazi wangu wamelala hapa Mshangano, nyuma ya migomba, na nafasi yangu ipo katikati yao. Akalia kidogo. Kisha akalegeza: akinikuta Jumamosi kwenye chumba chenye hewa ya kutosha, nitabaki. La sivyo, napakiwa.

Chumba chenye hewa! Hajui anaongea na nani.

Dhambi ya kwanza: majivuno. Naiandika mapema nisije nikaisahau.

Jumanne, 4 Julai

Nimeshinda na lile jarida la wasanifu majengo nililoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea nilipostaafu ualimu. Limelegea kama kitambaa, na bado linanitoa machozi. Kuna jengo huko Ulaya ambalo mabomba na ngazi zake zote ziko nje, kama mtu aliyevaa matumbo juu ya koti. Ndani pamebaki uwanja mtupu! Kuna nyumba inayozunguka taratibu kulifuata jua. Kuna birika lenye ndege mdogo mdomoni. Maji yakichemka, ndege anapiga mluzi. Nani alikaa chini akawaza hivyo? Mama yake alimlisha nini?

Wala si Ulaya tu. Tangu biashara ifunguliwe, soko letu limejaa viti vya plastiki. Jirani yangu Kajetani amenunua kimoja, akakiweka barazani makusudi nikione. Nimekwenda kukikagua. Hakina msumari. Hakina kiungo. Miguu, mgongo na mikono vimezaliwa pamoja, kama yai. Nikapiga magoti nitazame chini yake. Kajetani akauliza kama Mwalimu anasali. Nikamjibu kwamba nakaribia.

Nilipoinua kichwa, nikakiona kihenge kikubwa cha mahindi uani kwake. Mwili ukanisisimka. Duara tupu, bila kona! Mianzi imesukwa kama mkeka. Kimesimama juu ya nguzo, unyevu wa ardhi haukifikii. Na paa lake! Paa la kihenge ni kifuniko: unalinyanyua lote, unachota mahindi, unalirudisha. Babu zetu walikuwa na nyumba inayofunguka juu, wakaitia mahindi!

Mtu akilala mle, paa likiwa limenyanyuliwa, atakuwa na hewa ya mkoa mzima.

Jumatano, 5 Julai

Kajetani ni msukaji wa vihenge na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Pia ni mwizi wa mawazo. Nikimweleza leo, kesho yeye ndiye atakayelala mle, na atadai aliota. Kwa hiyo nimemwambia nakitaka kwa ajili ya mahindi. Dhambi ya pili: uongo.

Nikamwomba asikisiribe kwa udongo. Akashangaa. Wadudu je? Nikasema mahindi ya siku hizi yanataka kupumua. Akanitazama kwa huruma, akasema sawa, Mwalimu, na yapumue.

Alhamisi, 6 Julai

Kimefika! Wanaume wamekibeba mabegani wakiimba, wakakisimamisha chini ya mparachichi wetu.

Walburga alikizunguka, kisha akauliza mlango uko wapi. Nikamweleza kwamba mlango ni mazoea tu. Akasema, Baba Getruda, kitu kisicho na mlango ni cha mahindi au cha maiti, chagua. Akaenda kuchambua maharage kwa hasira. Usanifu wa kisasa haujamfikia.

Walipoondoka nikamwomba anifungie kapi la kisima kwenye tawi, nikapitisha kamba. Nikavuta. Paa likapanda! Kwa mkono wangu huu, ambao kikombe cha uji kinaushinda! Likaning'inia hewani kama kofia ya askofu. Nikalia waziwazi. Walburga akasimama na ungo wake, mdomo wazi. Kisha akanikemea nikae chini. Lakini nimemwona akitazama juu tena.

Ijumaa, 7 Julai

Majaribio mchana. Nimepanda ngazi kwa kupumzika kila kipandio, Walburga akinisukuma kwa nyuma na kuwaita watakatifu. Godoro limeenea kwa kuzunguka. Jua linapenya kwenye mianzi na kunichora madoadoa ya dhahabu juu ya blanketi. Upepo wa kipupwe unaingia, unanisalimia, unatoka. Nimelala kama mtoto mchanga. Jengo hili lingewekwa kwenye jarida, lile la mabomba lingeona aibu.

Jioni Kajetani amekuja kupeleleza. Ameuliza kwa nini kihenge ni kitupu na mahindi yangu bado yamesimama shambani. Nimemwambia nguvu sina. Akatikisa kichwa, akaondoka haraka. Ana jambo. Nimemkataza Walburga asimwambie mtu yeyote.

Jumamosi, 8 Julai

Nitaandika kadiri mbavu zitakavyoruhusu.

Asubuhi nilipanda mapema, nikanyanyua paa, nikajilaza vizuri ili Getruda anikute kama picha. Walburga akaenda barabarani kumpokea. Usingizi ukanichukua.

Nikaamshwa na wimbo. Jumuiya nzima! Nikadhani Getruda amekuja na kwaya. Kisha tenga zima la mahindi, na maganda yake, likanishukia kifuani.

Kajetani alikuwa amewakusanya alfajiri kumvunia mahindi mzee mgonjwa, iwe zawadi ya kushtukiza. Nikapiga kelele. Wao walikuwa kwenye kiitikio. Aliyekuwa ngazini alimwaga bila kutazama. Nani huchungulia kihenge kwanza?

Lakini acha niseme ukweli wa msanifu: mzigo wote ule, na ukuta haukupinda hata kidogo!

Mahindi yalinifika kidevuni Getruda alipoingia uani na kuuliza Baba yuko wapi. Walburga akanyoosha kidole. Kichwa cha Kajetani kikachungulia. Akauliza, Mwalimu, unafanya nini kwenye mahindi? Nikamuuliza, na ninyi mnafanya nini chumbani kwangu? Wanajumuiya walicheka mpaka wakaketi chini. Getruda hakucheka.

Kunitoa ikawa kazi. Wengine walitaka kutoboa ukuta. Kajetani akasimama mbele yake na kusema mianzi ile haikatwi na mtu. Wakalifungua paa kwenye kamba, wakanifunga mimi ndani ya tenga, wakavuta. Nilipaa, ndugu zangu! Kapi halikulia hata mara moja. Nikiwa angani nikamwambia Getruda kwamba hewa ipo. Akakubali kwamba ipo. Kisha akanipakia.

Kajetani alikileta kiti chake cha plastiki, akakifunga nyuma ya gari, akasema nikakikague vizuri huko. Tulipopita migomba nikafumba macho.

Jumamosi, 15 Julai. Namtumbo

Chumba cha Getruda kina madirisha makubwa na mapazia. Hewa tele. Sina la kuandika juu yake.

Jana padre wa huku amekuja. Nimeungama majivuno, uongo na kumdhania jirani vibaya. Nimejuta kwa moyo wote, ule uliobaki. Nimeahidi kutobuni kitu tena. Nimejisikia mwepesi.

Leo mkwe wangu Fulgence amenitoa nje niote jua, na nyuma ya nyumba nikaliona bani lake la kukaushia tumbaku.

Mungu wangu! Jengo refu, jembamba, halina dirisha hata moja. Ndani, fito zimepangwa ngazi juu ya ngazi mpaka kwenye paa. Fulgence akanieleza: majani yanatundikwa juu, moto wa polepole unawekwa chini, moshi unafanya kazi. Jani linaingia bichi, linanyong'onyea, na linatoka limekomaa, lina harufu nzuri, halipati ukungu wala haliozi. Linasafirishwa mbali na linafika vilevile!

Na daktari ananiambia hewa! Tumekosea tangu mwanzo. Si hewa, ni moshi! Mtu akilala kwenye fito za juu kwa siku chache, hata wakichelewa kumrudisha Mshangano, atafika katikati ya wazazi wake bila kuharibika.

Nimemuuliza Fulgence kama fito zinabeba uzito wa mtu. Akacheka, akasema zinabeba, Baba.

Kesho wote wanakwenda misa ya kwanza. Kuni zimebaki pale ndani. Kiberiti ninacho.