Wimbo wa Mizoguchi

Jumatatu, Julai 1

Leo hakuna mechi ya besiboli. Msimu uko katikati na mji mzima wa Himeji umechanganyikiwa kwa furaha. Korongo wetu, timu inayoshika mkia kila mwaka, wako nafasi ya tatu. Na anayewabeba si yule Mmarekani tuliyempokea uwanja wa ndege kwa mabango. Danlevi hakuvusha ukuta hata mpira mmoja, akasema mgongo unamuuma, akarudi kwao. Anayetubeba ni Mizoguchi. Nani angedhani? Miaka tisa amekaa timu ya pili, akipiga mpira mbele ya wastaafu na paka. Leo ndiye mpigaji bora wa ligi nzima.

Jioni kikao cha kikundi cha ushangiliaji, nyuma ya duka la kufulia nguo la Mkuu Iwamura. Mkuu akasema hii sasa ni aibu. Mpigaji bora wa ligi bado anaimbiwa wimbo wa wote, ule wa wachezaji wasio na wimbo wao. Lazima apate wake. Mwenye wimbo aulete Jumapili, tupige kura.

Wote wakamgeukia Mwalimu Onodera, mpiga ngoma wetu. Anafundisha chekechea. Ametunga nyimbo saba, na zote saba zinaimbwa. Mimi huu ni mwaka wa ishirini na sita napuliza tarumbeta. Nimetunga nyingi kuliko yeye. Hakuna hata mmoja uliowahi kutoka kinywani mwa mtu mwingine.

Naandika humu kwa sababu hakuna anayesoma. Nataka kuusikia wimbo wangu mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, ukiimbwa na uwanja mzima. Basi. Sitaki kingine.

Na bahati imenitembelea! Nina wimbo niliomtungia Danlevi wakati wa baridi, haukutumika. Jina lake lina mapigo manne. Da-n-le-vi. La Mizoguchi nalo manne. Nimefuta moja, nimeandika jingine. Kazi imekwisha.

Jumatano, Julai 3

Mbinu: sikio hupenda lilichozoea. Nikiwazoesha watu mapema, Jumapili watadhani ni wimbo wa utoto wao.

Nimeanzia kazini, duka la miwani. Nilimpima mama mmoja macho huku nikipiga mluzi. Akauliza kwa sauti ya chini kama hali yake ni mbaya sana. Bosi akaniita pembeni.

Jioni nikaenda ukingoni mwa mto Ichikawa, kwa maana nyumbani siruhusiwi kupuliza. Nikapuliza kwa moyo wote. Mara akatokea bibi mmoja na dumu tupu, akauliza gari nimeliegesha wapi. Gari gani? La mafuta ya taa. Nikamwambia, bibi, huu ni mwezi wa saba, joto kali, gari la mafuta ya kuotea moto hupita na muziki wake wakati wa baridi. Akasema hata yeye kashangaa, lakini akiusikia ule muziki miguu inatoka yenyewe. Nyuma yake wakaja wengine wawili na madumu. Nikajificha kwenye matete mpaka walipoondoka.

Nimebadilisha sehemu ya katikati kidogo.

Ijumaa, Julai 5

Tumeshinda. Mizoguchi kapiga mpira mzuri mara mbili. Ni mtu wa subira, husimama pale na kuiacha mipira ipite mpaka uje ulio wake.

Mbinu ya leo ilikuwa kumpeleleza adui. Baada ya mechi nikamwambia Mwalimu Onodera anipe ngoma nimbebee hadi kituo cha treni. Akanitazama. "Mzee Tokunaga, leo umekula nini?" Nikasema ni heshima tu. Ile ngoma ikiwa begani mwa mwenzio huonekana nyepesi. Kwenye ngazi za kituo kiuno kikalia kwaa. Akanikalisha kwenye benchi, akatoa plasta ya maumivu mkobani, akaniambia nibandike mwenyewe, yeye anaangalia kule.

Halafu, bila kuombwa, akaniimbia wimbo wake wote. Akataka maoni yangu, eti mimi ndiye mwenye sikio.

Nilitamani uwe mbaya. Haukuwa mbaya. Nilikaa pale treni ikanipita. Nikamwambia mwisho umepwaya kidogo. Akashukuru na kuahidi kuurekebisha. Mtu wa aina hii unamchukiaje?

Nimefika nyumbani nimepinda. Mke wangu Setsuyo akanitengea tambi baridi, akauliza kiuno kimeumizwa na nini. Nikasema ngoma ya adui. Akasema hakujua kuwa siku hizi maadui hubebewa mizigo.

Jumapili, Julai 7

Leo ni sikukuu ya Tanabata. Sokoni wamesimamisha mianzi, kila mtu anaandika ombi lake kwenye kikaratasi na kulifunga tawini. Sikuiacha fursa ipite. Alfajiri nilifunga maombi kadhaa kwenye mwanzi ulio mbele ya duka la Mkuu, kila moja kwa jina la mtoto tofauti. "Naomba Mizoguchi aimbiwe wimbo wa Babu Tokunaga." "Bibi yangu anaumwa, akiusikia wimbo wa Babu Tokunaga atapona." Hilo la pili lilinitoa machozi mwenyewe.

Mkuu akaja kikaoni na maombi yangu yote mkononi. Akasema amefurahi kuona watoto wa Himeji wanapenda besiboli. Anachoshangaa ni kwamba wote wamefundishwa kuandika na mtu mmoja, anayekandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Watu walicheka hadi mashine za kufulia hazikusikika. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Niliimba ubeti wa kwanza tu, aibu haikuniacha nifike wa pili. Kura zikalingana, kwa kuwa nusu ya kikundi hunionea huruma. Akabaki Mwalimu Onodera, ambaye alikuwa hajanyoosha mkono. Akanyoosha kwa wimbo wangu! Akasema mtu aliyepuliza tarumbeta miaka yote hii asingojeshwe tena. Wake utapata mchezaji mwingine.

Nimeshinda. Nimetembea hadi nyumbani nikifikiri. Mtu hagawi ushindi hivi hivi. Huu ni mtego, ila sijaona kamba iko wapi.

Ijumaa, Julai 12

Siku yangu. Hata Setsuyo alikuja uwanjani, na yeye hupenda besiboli kama ninavyopenda kwenda kung'olewa jino.

Mizoguchi akaingia kupiga. Mkuu akapuliza filimbi. Nikainua tarumbeta, mashabiki wakashika karatasi za maneno. Tukaanza jina lake, hatukulimaliza. Kaufuata mpira wa kwanza kabisa, ukaenda juu, ukadakwa, naye akatoka. Tukakaa. Zamu yake ya pili, tulilimaliza jina, naye akawa ametoka tena kwa mpira wa kwanza. Ya tatu, mpira ulimpiga ubavuni, na mtu akiumia hatuimbi. Ya nne ikaja mvua.

Njiani Setsuyo akasema ule mwanzo umempendeza. Nikamwambia ule haukuwa mwanzo, ile ilikuwa pumzi ya kuingilia.

Alhamisi, Julai 18

Mambo ni mabaya. Yule mtu wa subira kapotea. Wiki nzima anakurupukia mpira wa kwanza, anatoka, anarudi kuketi ameinamisha kichwa. Wimbo wangu haujafika hata ubeti wa pili. Na Korongo tumeshuka hadi nafasi ya tano.

Leo gazeti limemhoji. Kajibu kwa adabu zote. Anawashukuru mashabiki kutoka moyoni, ila wimbo mpya unamtia haya. Una kasi na una sifa kubwa mno, masikio yanawaka moto, basi anajikuta anataka zamu iishe haraka. Tena, akasema, kuna mahali anaimbiwa kuwa kavuka bahari kuu kuja kutuokoa. Yeye ni wa Kakogawa, mji wa jirani. Huwa anakuja kwa treni, na mara nyingi anapata kiti.

Ule mstari wa Danlevi! Nilisahau kuutoa.

Mkuu kaamuru turudi kwenye wimbo wa wote mpaka mtoto wa watu atulie. Nikapinga. Akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, kwani unataka wimbo au unataka timu ishinde?" Nikasema vyote viwili. Akasema chagua kimoja. Nikasema wimbo.

Wote wakanigeukia. Hata mimi nilishtuka, lakini nilikuwa nimesema kweli.

Alhamisi, Julai 25

Mbinu bora kuliko zote: asiyesikia haoni haya. Wiki iliyopita nilimpelekea Mizoguchi vizibo vya masikio kupitia ofisi ya klabu, nikatia sahihi "shabiki wako mnyenyekevu". Akivaa, atatulia. Akitulia, atapiga. Akipiga, Mkuu atanirudishia wimbo wangu.

Amevivaa. Na kweli katika mechi ya mwisho kabla ya mapumziko ya katikati ya msimu alipiga mpira mzuri, wa kwanza tangu apate wimbo wangu. Nikaruka juu. Akakimbia, akakimbia tena, kocha akamwinulia mikono na kupiga kelele asimame. Hakusimama. Alikimbia kichwa chini kwa furaha mpaka akajikuta mikononi mwa adui aliyekuwa anamngoja na mpira. Tumefungwa kwa pointi moja.

Klabu imemweleza Mkuu habari za vizibo, naye kasema angependa kumjua huyo shabiki mnyenyekevu. Nikasema hata mimi.

Jumanne, Julai 30

Mizoguchi kaondoka. Klabu imechoka naye, imemtoa kwa Nyangumi wa Wakayama na kupewa mrushaji mmoja kijana. Nyangumi! Watu tusiowapenda hata katika ndoto. Alisimama mbele ya lango la uwanja akainama kwa kila mtu, hata kwa wauza bia. Miaka tisa alingoja, akapata miezi mitatu. Mimi ndiye niliyemharibia. Nimeliandika hili mara moja, na sitarudia.

Kikaoni Mkuu akatoa habari. Kikundi cha Wakayama kimempigia simu kwa heshima: muda wa kutunga haupo, je, wanaweza kuutumia wimbo wetu wa Mizoguchi? Mwalimu Onodera akasema desturi ni kutoa, mchezaji asiende mikono mitupu. Mkuu akasema kuhusu wimbo huu si desturi tu, watatusaidia sana wakiuchukua wote na wasiurudishe.

Watu walicheka. Nilicheka nao, kwa kuchelewa.

Ijumaa, Agosti 9

Wakayama, mechi ya kwanza dhidi yao tangu aondoke. Sisi wageni tumekaa upande wa kushoto. Kila mtu aliyewahi kushika ngoma au tarumbeta anajua sheria: wenyeji wakipiga, wageni huketi na kunyamaza. Hata kupiga makofi ni kukosa adabu.

Kipindi cha saba, tunaongoza. Mizoguchi akaingia. Upande wa pili wakasimama wote, maelfu, nguo za bluu. Tarumbeta zao zikaanza, na nikakasirika, kwa sababu walikuwa wanaupiga polepole mno, mwendo wa mtu anayerudi nyumbani na mboga. Ule mstari wa bahari kuu wameutoa, wameweka treni ya Kakogawa. Mizoguchi akausikia, akacheka. Mpira wa kwanza ukapita. Hakuugusa. Wa pili, hakuugusa. Wao wakaimba jina lake lote, wakaingia ubeti wa pili, ule ambao hakuna aliyewahi kuusikia isipokuwa mimi na wale bibi wa mafuta ya taa. Wanawake, wazee, watoto mabegani mwa baba zao, wote wanayajua maneno. Wakafika mwisho. Wakaanza upya.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tarumbeta ikiwa tayari mdomoni. Nikapuliza nao, kwa mwendo wao, peke yangu katikati ya Korongo wote walioketi kimya. Mkuu alinivuta shati. Sikukaa. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni, na tarumbeta haipendi maji, lakini nilipuliza mpaka noti ya mwisho.

Ndipo Mizoguchi akapiga. Mpira ukapanda, ukaja upande wetu, ukavuka ukuta, ukaanguka safu mbili chini ya miguu yangu. Tulifungwa kwa mpira huo.

Mkuu akanyoosha mkono. Nikampa tarumbeta. Kwenye basi hakuna aliyeketi karibu nami isipokuwa Mwalimu Onodera. Akasema ameusikia ubeti wa pili, ni mzuri, kwa nini sikuwahi kuwaimbia.

Nilifurahi. Siku ya arusi yangu sikufurahi hivi, na Setsuyo asije akasoma.

Jumatatu, Agosti 12

Hukumu imetoka. Sina tarumbeta mpaka msimu ujao. Uwanjani nitakuwa napangusa viti na kuokota makopo. Setsuyo anasema hii ndiyo nafasi ya kutulia, kumwomba Mkuu msamaha, kumshukuru Mwalimu kwa wema wake na kuwaacha wachezaji wacheze. Nikamwambia amesema kweli. Nikaenda ukingoni mwa mto kutafakari.

Nimetafakari. Kosa halikuwa wimbo. Kosa lilikuwa kuuimba Himeji. Wimbo wangu unataka mwendo wa polepole, jambo ambalo nililisema tangu mwanzo, na unataka uwanja mkubwa wenye watu wanaojua kukariri.

Sasa ninaye Katsuragi, mlinzi wetu wa kati. Tangu Mizoguchi aondoke, yeye ndiye roho ya Korongo. Kila mechi anapiga, hakosei, watoto wamebandika picha yake kwenye mabegi ya shule. Jina lake lina mapigo manne. Nimemtungia wimbo leo, beti tatu, na naamini ndio bora maishani mwangu.

Kilichobaki ni kumfanya auzwe. Nimekwisha kununua vizibo.