Jemadari Hajazeeka

Jumatatu, tarehe 3
Andika mkwe, kama ninavyosema, usinirekebishe. Leo mwanangu kanivunjia heshima. Mayai kumi na mawili yameatamiwa siku ishirini na moja, yote viza. Kayatupa shimoni, kaja kusimama mlangoni kaziba pua. Ati mama, huyo jogoo wako kazi imemshinda. Tutege mengine, na hayo yasipoanguliwa anamtia sufuriani. Jemadari! Niliyemlea kwenye kapu la nguo miaka saba. Tangu marehemu aondoke, huyo ndiye ananiita asubuhi. Nikamwambia hata baba yako walimsema hivyo hivyo, na wewe umetoka wapi? Kaondoka. Hoja ilimzidi.

Uzee sio tatizo. Tatizo matetea wangu wanne wamemzoea. Mume unamwona kila siku kainamia pumba, utamwonea haya saa ngapi? Apendezeshwe tu. Marehemu nani alimpendezesha? Mimi.

Jumanne, tarehe 4
Nimempaka mafuta ya nywele mwili mzima. Mkia, rangi ya viatu. Upanga wa kichwani, rangi ya mdomo ya mkwe. Wewe nyamaza, andika.

Matetea walipomwona walikimbia. Mweupe kashinda juu ya paa la choo. Jemadari kapanda juu ya ua awike, kateleza kwa yale mafuta, kaangukia beseni la vyombo. Kajiona kwenye maji, naye kakimbia. Dalili nzuri hiyo. Uzuri wa kutisha.

Mama Pindo, fundi cherehani wa upande wa pili wa ukuta, kasimamisha mashine acheke vizuri. Ati bibi, bwana harusi umempata, bibi harusi yuko paani. Nikamwambia akamshone kwanza mumewe, nyuzi zinaachia.

Alhamisi, tarehe 6
Nimegundua. Hana wivu. Dume lisilo na mshindani linalala. Marehemu naye alikuwa mzito kutamka neno. Nikawa napeleka baiskeli kwa fundi kila siku, fundi kijana, mabega haya. Baiskeli yenyewe sikuwa nayo, naazima. Wiki ya pili posa ikaja. Nilikuwa nasema nini? Wivu.

Nimekwenda kwa Mama Pindo kuazima jogoo wake, kishingo, shingo tupu kama kanyonyolewa akatoroka. Nikasema akae siku chache tu, amtie mwenzake wivu. Kaniangalia kwanza. "Bibi, una hakika?" Nikamwambia mambo ya mapenzi asinifundishe.

Jumamosi, tarehe 8
Kishingo hana adabu. Uwanja mzima vumbi, matetea wangu wanapokezana. Siku ya kwanza nilimfukuza kwa ufagio, nikachoka, nikakaa kuchambua maharage. Jemadari kamwonyesha mgeni chombo cha maji, kaenda kulala chini ya benchi. Mwingine angepigana. Huyu mstaarabu.

Jumapili, tarehe 9
Mchana Jemadari kawika mara moja. Wivu umeingia! Kishingo nimemrudisha haraka, kazi yake imekwisha. Mayai kumi nimeyatega, mapya, ya jana na leo na juzi.

Jumapili, tarehe 16
Mwanangu kayamulika mayai kwa tochi chini ya shuka. Mishipa ya damu imetanda, vifaranga vimo. Kaizima tochi, katoka. Mimi sikusema kitu. Nilisema kidogo.

Jumapili, tarehe 30
Wameanguliwa tisa. Tisa! Wote shingo tupu.

Mwanangu kawaangalia. Kamwangalia Jemadari. Kaniangalia mimi. "Mama, hizo shingo?" Nikamwambia watoto wa mzee huzaliwa na joto jingi, manyoya ya shingoni yanachelewa. Na mbona yeye alizaliwa na upara, nani alimhoji? Mkwe, acha kucheka, unachafua karatasi. Masharti aliyaweka yeye: wakianguliwa, Jemadari anapona. Wameanguliwa. Sufuria aliyokuja nayo kairudisha jikoni mwenyewe, nami nikamsimamia mpaka akaifunika.

Mama Pindo kaja kuchungulia. Ati hongera bibi, sura ya jirani kabisa. Wivu tu, na nimemsamehe, kwa sababu kaniambia kuku wake nao siku hizi hawaanguliwi vizuri. Nimemwonea huruma. Kesho asubuhi nampelekea Jemadari, akae wiki nzima, naye apate mbegu ya maana. Nimemwambia asinishukuru.