Ushindi wa Zarabad Kila Jumamosi

Kamati ya Ushindi ya Bustani ya Starehe ya Hadderby iliutangazia umma kwamba, kuanzia Jumamosi hiyo, adui atashindwa kwa mujibu wa kanuni. Tangazo lilibandikwa langoni, kwenye baa zote za mji na, kwa kuwa gundi ilibaki, kwenye mlango wa kanisa. Aliyeliandika alikuwa Katibu wa Kamati, Bwana Obadiah Crabtree, mtu mfupi mwenye ndevu za mashavuni, ambaye hajawahi kuvuka bahari lakini kiangazi chote alikuwa akiiteka Zarabad kila Jumamosi jioni.

Zarabad iko wapi hasa, Kamati ilikuwa bado haijaafikiana. Ilichoafikiana ni kwamba iko ng'ambo ya bwawa la bata, imejengwa kwa mbao na turubai lililochorwa milima, ina ngome kileleni, na ni lazima itekwe mbele ya watazamaji kabla hawajarudi makwao. Jeshi la Malkia walikuwa makarani wa maduka, kwa sababu nguo nyekundu zilikaa safi mwilini mwao. Adui walikuwa wachimba makaa. Hao walitoka shimoni Jumamosi mchana wakiwa weusi tayari, hivyo Kamati ilipumua kidogo kwenye gharama za rangi. Walifungwa vilemba vya mashuka, wakapewa panga za mbao, wakaambiwa wapige kelele za kigeni. Mizinga ikalia, fataki zikapasuka, adui wakafa, bendera ya Malkia ikapanda, bendi ikapiga wimbo wa Malkia, ule wa taifa, na watu wote wakasimama kwa heshima kisha wakaenda zao.

Tatizo lilikuwa maiti. Siku zote moshi wa baruti ulikuwa ukiwaficha, lakini Jumamosi iliyopita upepo uliusukuma moshi ukaenda zake, na umma ukajionea kwa macho yake. Wimbo wa Malkia ulipoanza, adui wote waliokufa waliinuka, wakavua vilemba, wakaimba pamoja na wengine. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Gazeti la mji likaandika kwamba hali ya adui inaendelea vizuri.

Kwa Bwana Crabtree hilo halikuwa jambo la kuchekea. Jumamosi iliyofuata angekuja Lord Wexcombe mwenyewe, na Lord alikuwa ameahidi kupeleka London jina la mtu aliyeuleta ushindi ule, ili mtu huyo apewe cheo cha Sir. Sir Obadiah. Mkewe alikuwa ameshaacha kumsalimia muuza nyama. Kwa hiyo Katibu akaitisha kikao cha dharura, akamwita pia Enoch Tunnicliffe, mchimba makaa mwenye mabega kama kabati, ambaye ndiye aliyekuwa Mfalme wa Zarabad.

"Bwana Tunnicliffe," alisema Crabtree, "Kamati inasikitika kubaini kwamba marehemu wako hawatulii."

"Wanatulia vizuri tu, bwana Katibu. Mpaka wimbo upigwe."

"Na wimbo ukipigwa?"

"Wanasimama. Mimi ndiye naanza."

"Lakini umekufa, bwana wewe."

"Najua nimekufa. Ila kaka yangu Seth alienda huko vitani kwa kweli, akazikwa huko huko, na wimbo huo ndio uliopigwa. Nikiusikia nasimama, hata uwe umenikata kichwa."

Crabtree alitaka kumpa pole, lakini akaiacha, kwa kuwa haikuwa kwenye ajenda.

"Tutoe amri," alisema. "Maiti alale mpaka wimbo uishe."

Hapo Inspekta Pilling wa polisi, mjumbe wa Kamati, akakohoa. "Mtu yeyote akilala wakati wimbo wa Malkia unapigwa, mimi namkamata."

"Hata akiwa amefariki?"

"Sheria haikumsamehe maiti, bwana Katibu. Nitamkamata, na akikaidi, kukaidi kwake nako ni kosa."

Ikapendekezwa maiti wabebwe watolewe kabla ya wimbo. Makarani wanne wa jeshi la Malkia waliitwa kufanya majaribio, wakamzunguka Enoch, wakavuta pumzi, wakafanikiwa kuinua mguu mmoja. Mmoja wao akaomba kiti. Ikapendekezwa basi wimbo ufutwe, lakini Inspekta alitoa pingu akaziweka mezani taratibu, na pendekezo likajiondoa lenyewe.

Ndipo Bwana Crabtree alipopata wazo, wazo ambalo watu wa Hadderby wanalizungumzia hadi leo.

"Wimbo upigwe kwanza," alisema. "Wakati adui bado yu hai. Atasimama, ataimba, ataonyesha heshima zote. Kisha ndipo tumuue."

Wajumbe walitazamana kama watu waliookota almasi njiani. Hoja ikapita kwa makofi. Inspekta akarudisha pingu mfukoni, akasema hajapata kuona sheria na mauti vikipatana vizuri namna ile.

"Tuimbe, halafu tufe?" aliuliza Enoch.

"Barabara kabisa."

"Haya, bwana. Mradi pai zetu za nyama za baada ya vita zije za moto. Nyasi zile zina maji, mtu ukifa pale unaamka na kifua."

Jumamosi ikafika. Majukwaa yalijaa pomoni, kina mama na mablanketi yao, wanaume na bia zao. Lord Wexcombe aliketi mbele kabisa, akapongeza mandhari, akasinzia. Ng'ambo ya bwawa jeshi la Malkia lilijipanga chini ya mlima. Juu ngomeni adui walitingisha panga za mbao na kutukana kwa lugha waliyoibuni wenyewe shimoni. Kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Crabtree akatikisa leso, na bendi ikaanza wimbo wa Malkia.

Ulikuwa wimbo mtamu jioni ile. Umma ulisimama. Lord aliamka, akasimama. Jeshi likashusha bunduki. Kule juu adui wote walivua vilemba wakavishika vifuani, na Enoch aliimba kwa sauti nzito iliyovuka maji, macho yakiwa yamelenga mahali pengine kabisa. Bwana Crabtree alilia machozi, na hakuona haya.

Wimbo ukaisha. Na pale Hadderby, kama kwingineko kote katika nchi ile, wimbo huo ukiisha mtu huvaa kofia yake akatafuta mlango. Hakuna aliyewahi kufundishwa. Miguu inaenda yenyewe. Kina mama wakakung'uta mablanketi, watoto wakabebwa begani, bendi ikafunga tarumbeta zake kwenye mifuko. Lord Wexcombe akaagiza gari lake la farasi. Jeshi la Malkia nalo likasimamisha bunduki zake kwenye ukuta wa mlima, likageuka, likaelekea baa kwa mstari ulionyooka.

"Bado!" Crabtree alikimbia huku na huku akitikisa leso. "Jamani rudini, bado hatujashinda!"

"Tumeshinda, mzee," alimjibu fundi mmoja wa viatu akimpita. "Kwani hukusikia wimbo?"

Crabtree akamshika mkono karani mmoja mwenye nguo nyekundu. "Wewe rudi ukapigane."

"Nitarudi Jumamosi ijayo, bwana Katibu. Leo nimemaliza."

Dakika chache baadaye hapakuwa na mtu upande huu wa maji. Upande ule, bendera ya kijani ya Zarabad ilikuwa bado inapepea. Hakuna aliyewaua adui, kwa hiyo walikaa ngomeni, pakavu, na Keziah mke wa Enoch alikuwa ameshawapandishia pai.

Crabtree aliona njia moja tu. Kama mlima hautatekwa na jeshi, utatekwa na Kamati. Alivuka daraja la bwawa peke yake akiwa na mwavuli, mvua ikaanza, akapanda akiteleza, akafika chini ya ngome magoti yakiwa matope.

"Simama hapo," alisema Enoch. "Nani anakuja?"

"Ni mimi, Tunnicliffe. Katibu."

"Katibu wa upande gani?"

"Wa washindi."

"Washindi wako baa, bwana." Wachimba makaa wakacheka pai mdomoni. "Umekuja kupigana au kujisalimisha?"

"Acha utani. Shusha bendera hiyo haraka, Lord hajafika mbali."

"Anaweza kuishusha aliyeiteka. Kuna mtu ameiteka?"

Crabtree alifikiri. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni alizitunga yeye. "Hapana," akakiri.

"Basi weka mwavuli chini, baba," alisema Keziah kwa upole, "upige magoti hapo kwenye nyasi, ujisalimishe yaishe. Nikupe pai, usije ukaumwa."

Akapiga magoti. Maji yakapenya suruali, baridi ikapanda mpaka kiunoni. Alikuwa amevua kofia, mwavuli mbele yake, pale Lord Wexcombe alipotokea darajani. Barabara ya langoni ilikuwa imeziba kwa watu, naye alikumbuka kwamba ana jina la kuchukua. Alikuwa ameshaangalia vita vingi maishani mwake akiwa mbali, na kwa mbali mshindi ni yule aliye juu.

"Safi sana," alisema akimtazama Enoch. "Kumbe ndiwe uliyeishika ngome hii?"

"Mheshimiwa," Crabtree alianza.

"Mateka haongei mpaka aruhusiwe," alisema Enoch.

Lord akatoa kalamu, akamuuliza shujaa jina lake, lakini shujaa alikuwa ameuma kipande kikubwa na nyama ilikuwa ya moto. Alitafuna, akaashiria kwa kidole aulizwe yule aliye chini.

"Wewe mateka," alisema Lord, "huyu anaitwa nani?"

Bwana Crabtree alikuwa Katibu tangu ujana wake, na hajawahi kutoa taarifa isiyo sahihi. Alitazama matope, akatazama bendera.

"Enoch Tunnicliffe, mheshimiwa."

"Sikushika vizuri. Nani?"

Akalirudia polepole, neno kwa neno, ili London wasije wakakosea.