Jiwe Lenye Kifungo cha Shaba

Jumamosi, 10 Februari
Chuo cha Upimaji kimeongeza ghorofa tena. Nakumbuka kilivyoanza: chumba kimoja nyuma ya kinu cha ngano, wanafunzi tisa, darubini moja ya miguu mitatu, na mguu mmoja umefungwa kamba. Tulicheka sana. Leo wako mia mbili, na wote wana njaa.

Mwalimu Nelva, mkuu wa chuo, ametangaza kwamba wanafunzi watapima kijiji kizima na kuchora ramani mpya. Kisha chuo kitatafuta kiwanja cha kujengea mgahawa. Upana hatua ishirini, si pungufu. Mwenye kiwanja ndiye atakayewaokea mkate.

Changu ni kumi na saba. Nimepima mara nne. Kumi na saba! Na tanuri ninalo, la udongo, alilijenga marehemu mke wangu Eduviges kwa mikono yake, kule upande wa magharibi. Bonde zima halina mfano wake.

Shemeji Hilarión, kaka wa marehemu na jirani yangu wa magharibi, amepita akaniona nahesabu hatua. Akauliza kama najipimia kaburi. Mshenzi. Chake nacho ni kumi na saba. Baba mkwe alitukatia sawasawa.

Jumapili, 11 Februari
Nimepata akili wakati wa mahubiri. Mashariki yangu yuko Bi Casimira, mjane, macho yake hayana nguvu. Kwenye kona ya maharage yake kuna jiwe la saruji lenye kifungo cha shaba juu. Waliliweka watu wa chuo. Mpaka huo! Jiwe zuri namna ile litakuwa nini kingine? Nikilisukuma hatua tatu kwake, ninazo ishirini.

Lini? Jumanne ya Kanivali, wiki yetu ya sherehe. Siku hiyo kila mtu yuko magotini kwenye mawe yake ya mpaka, anayamwagia pombe ya mahindi na kuyapamba kwa karatasi za rangi. Mzee mwenye sururu nani atamshangaa? Tena jirani akinywa nawe penye alama, mpaka ameukubali. Hata hakimu hagusi.

Jumanne, 13 Februari
Tayari! Sururu, toroli, shimo jipya. Mgongo sina tena. Jiwe nimelipamba mpaka likafanana na bibi harusi.

Bi Casimira akaja na kibuyu chake. Akasema mbona jiwe leo liko karibu. Nikamwambia, dada yangu, ni uzee huo, mimi hata kanisa naliona limesogea. Akanywa vikombe viwili. Nilimhurumia kidogo. Kidogo.

Alhamisi, 15 Februari
Wanafunzi wamepita. Nimelala chali kwa ajili ya mgongo, nasikia nyundo zikigonga vigingi. Mashariki, ko ko ko. Magharibi, ko ko ko. Raha tupu.

Jumamosi, 17 Februari
Kanivali kwetu haiishi hadi kesho. Hilarión ameniita kwa sauti ya asali: shemeji, njoo bwana, mtungi utachacha. Nimemkuta ameingia na watu wake hadi uani kwangu, anapamba kigingi chekundu mbele ya tanuri. Nikadhani ni ulevi. Miaka ishirini hajanipa hata maji! Mimi nilitazama mtungi, sikutazama kigingi. Nikanywa vitatu. Cha nne nilijitilia mwenyewe.

Wakapiga makofi. Ndipo nilipogeuka. Tanuri liko ng'ambo ya kigingi. Ng'ambo yake!

Hilarión akasema tanuri la dada yake limerudi kwao.

Jumapili, 18 Februari
Nimekwenda kwa Mwalimu Nelva. Akanichorea ubaoni kama mtoto wa darasa la pili. Lile jiwe si la mpaka. Ndilo la kuanzia. Kila kiwanja kijijini hupimwa kutoka pale. Limesogea hatua tatu, kwa hiyo kijiji kizima kimesogea hatua tatu. Ukuta wa kanisa sasa uko barabarani. Akaniuliza kama nimemwona mtu yeyote karibu nalo. Nikasema labda ng'ombe.

Lakini amegundua kosa. Hesabu hazipatani na jiwe jingine lililoko kilimani, kwa hiyo wiki ijayo watarudisha jiwe na vigingi vyote mahali pake. Nikataka kumbusu mkono.

Hilarión alikuwa mlangoni. Akasema rudisheni mpendavyo, huyu mzee amekunywa vikombe vinne mbele ya watu kumi na mmoja. Mwalimu akasema vipimo ni vyake, vikombe si vyake.

Na vikombe vya Bi Casimira? Wamecheka. Alinywa kwenye jiwe la chuo, si kwenye mpaka. Havihesabiki.

Basi vigingi vingine vyote vinarudi, cha mbele ya tanuri kinabaki: Hilarión anazo ishirini. Mimi kumi na nne. Mgahawa utajengwa kwake.

Jumanne, 20 Februari
Tangu asubuhi kwa Hilarión kunanukia mkate. Harufu ni ile ile ya Eduviges. Ameniletea mmoja, akauweka juu ya ukuta. Nimeula wote. Mzuri, mshenzi yule.

Mchana nimepanda kilimani kunyoosha mgongo. Jiwe la kule ni dogo kuliko la huku. Nalo lina kifungo cha shaba. Udongo wake laini.

Kosa langu lilikuwa kusukuma mashariki. Hili nitalisukuma magharibi.