Jiji Lako Liachane na Rula

Fundi Cherehani,
Duka la Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Stendi ya Zamani.

Kwa Mkurugenzi wa Jiji,
Jumba la Halmashauri,
Ghorofa yoyote anayopatikana.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: JIJI LAKO KUMCHUKUA BINTI YANGU BILA KUNIULIZA

Natanguliza heshima zote zinazostahili cheo chako, na nyingine za akiba, endapo hizo hazitatosha kufika mwisho wa barua. Mimi ni mshona nguo, sina mazoea ya kuwaandikia wakubwa. Mara ya mwisho kuandika barua rasmi nilikuwa nalalamikia katoni zima la zipu zilizokuwa zikifunguka zenyewe mbele za watu, na nilijibiwa vizuri tu. Ndiyo maana nimepata moyo.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu wa pekee amemaliza chuo, kozi ya upimaji wa maji. Nyumbani tunamwita Rula, kwa sababu tangu darasa la tatu hajawahi kuchora mstari kwa mkono mtupu, hata ule wa michezo ya uani. Alipohitimu alisema anataka kuhamia mji mpya akaanze maisha. Sikukataa. Nilidhani anamaanisha ule mji ulio saa moja kutoka hapa, ambao kwake ungekuwa mpya kabisa, maana hajaenda tangu uwekewe taa za barabarani. Kumbe alikuwa na orodha ya miji mitano, na Jumamosi hii anapanda basi kuja kwako, safari ya saa kumi, na begi ambalo nimelibadilisha zipu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kama mjinga.

Kwa hiyo nina malalamiko yafuatayo, na naomba yaingizwe kwenye faili.

1. Ofisi zako zinajibu barua.

Rula aliomba kazi kwenye maabara yenu ya maji siku ya Jumatatu. Ijumaa jibu likawa mezani, lina muhuri, na jina lake limeandikwa bila kosa hata moja. Sisi huku tumezoea kwamba ukiomba kitu ofisini, unajibiwa ukiwa umeshasahau uliomba nini. Kipindi hicho cha kusubiri ndicho wazazi hukitumia kumbadilisha mtoto mawazo taratibu. Mimi nilikuwa nimetenga miezi sita. Nikapewa siku nne! Hata mteja wa sare ya shule akinipa siku nne namwambia aende kwa fundi mwingine.

2. Jiji lako halina kasoro za kutosha.

Nilimtuma kaka yangu, mjomba wake Rula, ambaye ni dereva wa lori na hupita kwako kila mwezi akishusha saruji. Nilimpa daftari jipya, nikamwelekeza aandike kila ubaya atakaouona: mitaro iliyoziba, mbwa, foleni, wezi wa viatu, majirani wenye midomo. Nilimwambia asione aibu kutia chumvi kidogo. Alirudi baada ya wiki, daftari jeupe, meno yote nje. Akaniambia, "Dada, nisikudanganye, mji ule umetulia. Nilipaki lori pasipo pake, askari akaja, akanionyesha pa kupaki, akanitakia safari njema." Nilipombana sana ndipo akakumbuka kwamba mikate ya kioski cha karibu na soko huisha mapema. Nimeliandika hilo kwa wino mwekundu. Mjomba mwenyewe sasa anauliza-uliza habari za viwanja huko, kwa hiyo hata shahidi wangu mmemwiba.

3. Mama mwenye nyumba.

Rula amepata chumba kwa simu. Mwenye nyumba ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa chekechea, na kwa sauti tu unajua kwamba ana sufuria kubwa. Alituma picha: dirisha linalotazama uani, mlango wa bluu, misumari mitatu ya kutundikia nguo. Mpaka hapo sina neno. Lakini kesho yake akapiga tena, anauliza kama Rula anapenda kulala upande wa dirisha au upande wa ukuta, ili asogeze kitanda mapema. Juzi amepiga kuuliza kama ameshakula.

Ameshakula! Mtoto yuko nyumbani kwangu, sahani iko mbele yake, mimi nimesimama kando na mwiko mkononi, halafu mtu aliye mbali kwa safari ya saa kumi anauliza kama ameshakula. Nafasi hiyo haijatangazwa kuwa wazi. Naomba mama huyo aonywe kwa maandishi.

4. Mahali jiji lako lilipowekwa.

Nimeazima ramani, nikaitandaza kwenye meza yangu ya kukatia, nikaipima kwa futi. Kati yako na mimi kuna eneo kubwa ambalo sioni linatumika kwa kazi gani. Sasa najiuliza, aliyeliweka jiji lako huko mwisho alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Kwenye kazi yetu, nguo ikiwa ndefu hatumlazimishi mteja arefuke, tunaipunguza. Nilikunja ramani pindo moja pale kwenye yale mapori, pindo la pili kwenye ule mto, nikachomeka pini, na jiji lako likafika vizuri kabisa nyuma ya uwanja wetu wa mpira. Ni kazi ya dakika tano. Sijui kwa nini wataalamu wako hawajaliona.

5. Jiji lako lilishinda kwa njia isiyo halali.

Hapa ndipo penye kidonda, na nitaeleza polepole. Nyumbani kwetu jambo kubwa haliamuliwi na mtu mmoja. Rula alibandika karatasi ya manila ukutani, akachora jedwali lenye mistari iliyonyooka, miji mitano ikashuka upande huu, na juu kukawa na safu nne. Kila mtu akapewa safu yake ya kutoa alama, mwisho kumi. Yeye mwenyewe alichukua kazi. Mjomba akapewa barabara. Baba yake, ambaye ni fundi baiskeli na haongei sana, akapewa vyumba. Mimi nikapewa umbali. Rula alisema, "Mama, hiyo ni yako, maana wewe ndiye utakuwa unasafiri kuja kuniona." Nilijisikia mtu wa maana sana siku ile.

Basi nikaenda kutoa alama kwa haki. Mji wa jirani, saa moja tu, nikaupa kumi. Jiji lako, saa kumi nzima, nikalipa moja, na hiyo moja niliitoa kwa huruma. Nikarudi kwenye cherehani nikiimba.

Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, Rula alikuwa ameandika kwamba alama za umbali zitapunguzwa kwenye jumla, kwa kuwa umbali ni hasara. Miwani yangu ilikuwa kwenye cherehani, chini ya kola ya shati la mtu. Baba yake akajumlisha. Mji wa jirani ulikuwa na ishirini na nne, ukanyang'anywa kumi zangu, ukabaki na kumi na nne. Jiji lako lilikuwa na ishirini na saba, likapoteza ile moja ya huruma, likamaliza na ishirini na sita. Rula aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye taa. Alinikumbatia, akasema, "Asante mama, nilijua utanielewa." Ningemwambia nini? Nilikuwa nimeshatangaza mbele ya watu wote kwamba alama zangu nimezitoa kwa akili timamu.

Nakuuliza kama mtu mzima mwenzangu: jiji linalojiheshimu linakubali ushindi wa namna hiyo?

6. Sindano.

Hili la sita sikutaka kuliandika. Jicho langu la kushoto siku hizi halioni tundu la sindano. Kila asubuhi, kabla sijafungua duka, Rula hunitungia uzi kwenye sindano kumi, anazichomeka kwenye kimto, nami natumia mpaka jioni. Hajawahi kuniambia kwamba anajua habari za jicho. Nami sijawahi kumwambia. Akiondoka Jumamosi, Jumatatu sindano zitakuwa zimeisha. Baba yake ukimuuliza anaonaje, anajibu "sawa tu", halafu anatoka nje kujaza upepo baiskeli ambayo tayari ina upepo.

Nitamkosa, Ndugu Mkurugenzi. Nimetafuta namna ya kulisema hili kiofisi, sikuipata.

Baada ya kusema hayo, naomba ofisi yako ichague mojawapo kati ya haya:

(a) Jiji liniandikie barua ya maombi ya kumpata binti yangu, lieleze sifa zake na uzoefu wake wa kulea watoto wa watu, na liambatanishe wadhamini watatu. Mama mwenye nyumba haruhusiwi kuwa mdhamini. Mjomba pia.

(b) Jiji likipita mchujo, litume mwakilishi kwenye usaili dukani kwangu. Aje na picha mbili za pasipoti na moyo wa kuvumilia maswali. Nitamwuliza pamoja na mambo mengine kwamba mtoto akipata homa siku ya Jumapili, nani atajua.

(c) Jiji likifaulu, litakuwa kwenye majaribio kwa miezi mitatu. Nitakuja na futi yangu kumpima Rula kiuno. Akiwa amepungua hata nusu inchi, sitalithibitisha kazini.

(d) Ikiwa (a) mpaka (c) ni usumbufu, basi jiji lihamishiwe huku. Najua ni zoezi kubwa, kwa hiyo nipo tayari kulipokea kwa awamu. Anzeni na maabara ya maji, kisha kile chumba chenye mlango wa bluu. Barabara, soko na wananchi vinaweza kufuata mtakapopata nafasi. Nimeongea na mwenye kiwanja cha hapa nyuma, anasema hana tatizo, isipokuwa jiji lisimzibie mlango wa banda la kuku.

(e) Kama hayo yote yameshindikana, nakuomba kwa unyenyekevu uharibu vitu vichache kabla ya Jumamosi. Kata maji siku mbili. Ziba mtaro mmoja. Yule askari mwenye adabu mpe likizo.

Nitashukuru nikipata jibu mapema, ingawa kwa ofisi yako sina shaka na hilo, kama nilivyolalamika kwenye namba moja. Barua hii inaletwa na mjomba kwa lori, usimpe chai, atahamia.

Nisalimie wafanyakazi wa maabara ya maji, wafagia barabara ambao nasikia wanaamka mapema, yule askari, na familia yako yote nyumbani. Mama mwenye nyumba nisalimie pia, lakini kwa kifupi.

Wako katika kusubiri,

Mama Rula,
Fundi Cherehani.

Nakala kwa:
Mama mwenye nyumba (asome namba tatu mara mbili).
Baba Rula, kwa taarifa tu.

Tanbihi:

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua kwa wembe wa kufumulia mishono, kwa hiyo usishangae mpasuko.

Jana mchana nilishindwa kukaa na ile siri. Nikamwambia Rula ukweli wote kuhusu alama zangu. Hakukasirika. Alikwenda ukutani, akafuta kumi akaandika moja, akafuta moja akaandika kumi, akapiga hesabu upya. Mji wa jirani ukashinda, wala si kwa tofauti ndogo. Akaiangalia ile karatasi, kisha akasema, "Basi sawa mama. Nitaenda huo wa karibu. Ofisi ya huko haijanijibu, lakini nitasubiri. Nitakuwa nakuja kila Jumapili." Akaanza kutoa nguo begini, moja moja, akizipanga kabatini.

Yaani nilipata kila nilichokuomba, Ndugu Mkurugenzi, hata kabla hujasoma. Nikarudi kwenye cherehani kushangilia. Kutoka chumba cha pili nikamsikia anampigia yule mama mwenye nyumba, anamwambia chumba ampe mtu mwingine, na anamshukuru kwa sauti ile anayoitumia akiwa hataki mtu ajue kwamba analia. Nilikuwa nashona mkono wa blauzi yake. Nilishona mpaka nikapitiliza kitambaa.

Karatasi ya manila nimeibandua mwenyewe. Nguo nimezirudisha begini kwa mikono yangu, hazikukunjwa vizuri. Mama mwenye nyumba nimempigia mimi, tumeongea saa nzima, na lile onyo la maandishi nimeliondoa. Kitanda kiwe upande wa dirisha. Rula nimemwambia aende, na nilimwambia kwa ukali, ili asipate nafasi ya kuniuliza kama nina uhakika.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka sita yafutwe, likibaki la mikate. Maji msikate.

Basi linafika kwenu Jumamosi saa kumi jioni. Atakuwa amevaa blauzi ya bluu, ambayo mkono wa kushoto haukunyooka sana. Atashuka akijifanya haogopi. Naomba awepo mtu pale wa kumpokea.